Namna ya Kujipiga Picha kwa Flashi Iliyotengwa na Kamera

Wengi wenu mnajua ya kuwa kamera ya gazeti hili imo mikononi mwangu kwa mwaka wa pili sasa, na mara nyingi mmeniuliza mbona mpiga picha mwenyewe haonekani katika picha hata moja. Likizo iliyopita nilijipiga. Nataka kuwaeleza namna nilivyofanya, maana kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi, na nadhani hata kaka zetu waliomaliza hapa zamani, wenye kamera zinazolala kabatini, wanaweza kuijaribu.

Kwanza sharti niseme sababu. Tulipotoka Masisi hatukuchukua picha yo yote. Baba alikuwa amekwisha kufa, na sura yake ilibaki ukutani katika nyumba ambayo leo hatujui inakaliwa na nani. Huku Nakivale Mama husema kwamba mimi nimechukua uso wa Baba, hasa mfupa wa shavu na taya. Basi mwaka jana nilipigwa picha ndogo ya kujiandikisha mtihani katika studio moja mjini, nikasimamishwa mbele ya ukuta mweupe, flashi ikawaka juu ya kamera, kazi ikaisha. Nikampelekea Mama nakala moja. Aliitazama kitambo, akaigeuza nyuma, akaitazama tena, akasema, "Mwanangu, huyu si wewe. Huyu ni mtu aliyekamatwa."

Waganda huiita picha ekifaananyi, yaani kitu kinachofanana, neno la ukoo mmoja na letu la kufanana. Kwa kipimo hicho ile yangu haikuwa picha. Niliporudi shuleni nikamwuliza Bruda anayetufundisha fizikia kosa lilikuwa wapi, naye akanionyesha kwamba makosa yalikuwa matatu, na yote yalitokana na mahali ilipokuwa taa.

La kwanza ni hili. Jicho letu hujua umbo la kitu kwa kutazama vivuli vyake. Tazama vilima vya Isingiro saa sita mchana, jua likiwa utosini: utaviona kama vimelala. Vitazame tena saa kumi na moja jioni, jua likija upande, na kila bonde litaonekana, hata njia za ng'ombe. Uso nao ni nchi ya vilima na mabonde. Flashi iliyowekwa juu ya kamera hutazama uso kutoka pale pale inapotazama lenzi, kwa hiyo vivuli vyote huanguka nyuma ya vitu vilivyovitoa, na lenzi haivioni. Shavu, pua na taya huwa kitu kimoja kilicho bapa kama chapati.

La pili ni ule ukuta mweupe. Kamera ikiachwa ijipimie nuru, huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake, kwa jumla, ni cha kijivu cha wastani. Ikiona ukuta mweupe mkubwa hudhani nuru imezidi, hupunguza, na mtu mweusi aliyesimama hapo hutoka kama kivuli chenye meno.

La tatu linahusu ngozi yenyewe, na hili sikulijua kabisa. Ngozi hurudisha nuru kwa njia mbili. Sehemu ya nuru huingia ndani kidogo, hupata rangi ya ngozi, kisha hutoka na kutawanyika. Sehemu nyingine haiingii. Huruka juu ya ngozi kama jua linavyoruka juu ya maji ya ziwa. Ile ya kwanza ni chache kwa mtu mweusi, maana ngozi yake humeza nuru zaidi, bali ile ya pili ni karibu sawa kwa watu wote. Kwa hiyo, katika uso mweusi, mng'ao ndio unaoonyesha umbo. Na mng'ao ni sura ya taa yenyewe: taa ikiwa ndogo kama ya flashi, hutoa doa jeupe la kuchoma kwenye paji la uso, utadhani mtu anatoka jasho, taa ikiwa pana kama mlango, hutoa mng'ao mrefu wa taratibu unaofuata mfupa wa shavu kutoka mwanzo hadi mwisho. Watu husema kwamba mtu mweusi akipigwa picha aongezewe taa. Mimi sasa sikubali. Aongezewe upana wa taa, tena ije upande.

Flashi niliyoitumia si yangu. (Nisieleweke vibaya: sisemi ile flashi ya kuwekea nyimbo na kuchomeka kwenye kompyuta, bali taa ya mpiga picha.) Mzee mmoja mwenye studio Mbarara, aliyekuwa akipiga picha za filamu, alinikopesha Vivitar 283, aina iliyouzwa sana duniani katika miaka ya 1970 na 1980. Inatumia betri nne za kawaida, nayo ni nzito kama kipande cha tofali. Nilipoileta shuleni, Bruda akanikataza kabisa kuichomeka juu ya kamera. Flashi nyingi za zamani, hasa za aina hii zilizotengenezwa mwanzo, hupeleka katika ile sehemu ya kuchomekea umeme wa volti zaidi ya 200, hali baadhi ya kamera za siku hizi zimetengenezwa kwa volti chache tu. Ingeweza kuiunguza kamera ya shule, na kamera ya shule ni moja. Tena mtu asiifungue flashi yo yote kutazama ndani, hata kama betri zimetolewa, kwa maana kuna kifaa kinachoweka akiba ya umeme wa volti 300 hivi, nacho kinaweza kumpiga mtu vibaya sana.

Basi nikawa na kamera upande huu na flashi upande huu, na haziruhusiwi kugusana. Katazo hilo ndilo lililonifundisha, maana kuna njia ya zamani isiyohitaji ziguse wala ziongee.

Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walitengeneza unga wa magnesiamu uliochanganywa na dawa nyingine, ambao ukiwashwa ulilipuka kwa nuru kubwa na moshi mwingi. Mpiga picha wa siku zile alikuwa akifungua lenzi gizani, analipua unga mahali po pote apendapo, kisha anaifunga lenzi. Giza halikuandika kitu. Nuru ile ya mara moja ndiyo iliyoandika picha. Mjerumani mwingine, Carl Georg Schillings, alileta ufundi huo katika Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20, akapiga picha za simba usiku katika nchi ya Wamaasai, na watu wa Ulaya wakastaajabu sana. Tangu miaka ya 1930 flashi za umeme zilipoanza kutumika, hakuna tena moshi, lakini njia ni ile ile: fungua kamera gizani, washa taa kwa mkono, funga kamera.

Kwa hiyo mtu anahitaji giza, na giza kwetu lipo. Nyumba yetu iko karibu na soko la New Congo, haina umeme wa waya, tuna sola ndogo ya kuchajia simu na kuwasha taa moja. Tuko karibu sana na ikweta, jua linatua saa moja jioni mwaka mzima, na baada ya nusu saa hivi ni usiku kamili. Vijana wa Ulaya wanaotaka kufanya hivi wakati wa kiangazi chao sharti wakeshe wakingoja usiku. Sisi tunalimaliza kabla ya chakula.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Kamera ni Canon 1100D, lenzi yake ni ile ya kawaida ya 18-55. Sikuwa na stendi. Niliweka madumu mawili ya maji yaliyojaa juu ya meza, na juu yake mfuko wa maharage wa kilo mbili, nikaikalisha kamera ndani ya maharage. Hiyo ni stendi nzuri kuliko nyingi za kununua, maana maharage hushika kamera pande zote wala haitikisiki.

Kamera haiwezi kulenga gizani. Kwa hiyo nilisimamisha fimbo ya ufagio mahali pua yangu itakapokuwa, mita 2 kutoka kamera, ndugu yangu mdogo akaimulika kwa simu, nami nikailenga. Ikishalengwa, kitufe kilicho ubavuni mwa lenzi huhamishwa kwenye MF, ili kamera isijaribu kulenga tena. Kisha nikaondoa fimbo, nikaweka kiti, nikachora chaki kuzunguka miguu ya kiti. Nikafunga pia uzi kwenye kamera na kupiga fundo penye mita 2: kila nikikaa, nauvuta uzi hadi fundo liguse pua, halafu nauachia. Jambo hili lilimchekesha sana mdogo wangu, lakini bila ya uzi nusu ya picha zingetoka na masikio makali na macho ya ukungu.

Taa nilifanya hivi. Sikuielekeza flashi usoni hata mara moja. Nilitundika shuka jeupe la Mama kwenye kamba, upande wa kushoto wangu na mbele kidogo. Yaani, kama nimekaa nikitazama kamera iliyo mashariki, shuka liko kaskazini mashariki, mita moja kutoka uso wangu, na katikati yake pako juu kidogo ya macho. Flashi niliishika mkono wa kushoto, chini karibu na goti, mahali kamera haioni, nikaielekeza kwenye shuka. Ikiwaka, shuka lote huwa taa, na taa yenye upana wa mita moja na nusu ndiyo ile taa pana niliyoisema. Upande wa pili, karibu na bega la kulia, nilitundika gunia jeupe la unga, lirudishe nuru kidogo ili shavu la kulia lisizame kabisa katika giza. Ukitaka uso wa huzuni, liondoe gunia. Mimi sikutaka huzuni. Nilitaka taya lionekane.

Hesabu yake si ngumu. Kila flashi ina namba yake ya nguvu. Ya flashi hii ni 36, ukihesabu kwa mita na ukiweka kamera kwenye ISO 100. Gawanya namba hiyo kwa umbali wa nuru, utapata tundu la lenzi. Nuru yangu ilisafiri kama mita 0.8 hadi kwenye shuka na mita 1 hadi usoni, jumla mita 1.8, 36 kwa 1.8 ni 20. Lakini nuru ikigonga shuka na kutawanyika hupotea nyingi, robo tu ndiyo inayobaki au pungufu, na nuru ikibaki robo, namba ya tundu hugawanywa kwa mbili. Basi nikaweka tundu 10. Wale wanaoogopa hesabu wajue kwamba kioo cha nyuma ya kamera kitawaambia mara moja kama wamekosea. Mimi naona hesabu inaokoa betri.

Shata, yaani kile kilango cha ndani kinachofunguka na kufungwa, nilikiweka kwenye sekunde 15. Saa ya kamera niliiweka ingoje sekunde 10 ili nipate kwenda kukaa. Utaratibu ulikuwa huu: nabonyeza kamera, nakwenda kwenye kiti, navuta uzi, nauachia, nakaa wima, namsikia shata akifunguka, nahesabu moja, mbili, tatu, nabonyeza kile kitufe kidogo cha kujaribia kilicho nyuma ya flashi, natulia mpaka shata afungwe. Ingawa shata yuko wazi kwa sekunde 15, picha haina mtikisiko wo wote, kwa sababu flashi huwaka kwa muda mfupi kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, na muda huo peke yake ndio uliokuwa na nuru.

Lakini kabla ya kupoteza betri, piga picha moja bila ya flashi. Sharti itoke nyeusi tupu. Yangu ya kwanza haikuwa nyeusi: palikuwa na mstari wa kijani ukutani. Tulitafuta sana. Ilikuwa kile kitaa cha sola kinachoonyesha kwamba betri imejaa. Tukakifunika kwa soksi.

Picha ya kwanza yenye flashi ilikuja ya giza kuliko hesabu. Sababu ni kwamba shuka limechakaa, na nuru nyingi ilipenya nyuma badala ya kurudi. Nikalikunja mara mbili, ikawa sawasawa. Picha ya pili ilikuwa na doa la kung'aa kwenye paji la uso. Mama alikuwa amenipaka vaselini, kama akina mama wote wafanyavyo kabla ya picha. Nilifuta paji la uso na pua, nikaiacha mashavuni, na nawashauri mfanye hivyo hivyo: mafuta kidogo kwenye mfupa wa shavu ni rafiki wa mpiga picha, mafuta kwenye pua si rafiki.

Picha ya tano ilikuwa nzuri ya uso, ila kichwa changu hakikuwa na mwisho. Nywele nyeusi, ukuta mweusi, giza jeusi: uso ulielea kama barakoa. Hapo ndipo njia hii ya kizee inapozipita nyingi za kisasa, kwa kuwa shata akiwa bado yuko wazi, flashi moja inaweza kuwaka mara mbili na kuwa taa mbili. Nikaongeza muda wa shata uwe sekunde 30. Nikawasha mara ya kwanza kwenye shuka, kisha nikaupeleka mkono nyuma ya kiti taratibu, nikangoja flashi ijae tena, nikawasha mara ya pili kuelekea ukutani, ikiwa imefungwa kitambaa ili nuru ipungue.

Picha iliyotoka hapo ilimtisha mdogo wangu. Shavuni mwangu palionekana nyufa za ukuta! Nilikuwa nimegeuza kichwa kuitazama ile taa nyekundu inayoonyesha kwamba flashi imejaa; kwa hiyo, ukuta ulipomulikwa, sehemu uliyokuwapo uso wangu ilikuwa imeachwa wazi, na ukuta ukajiandika juu ya uso. Mama akasema nimekuwa mzimu. Dawa yake ni kukaa kama jiwe, na mtu mwingine akutazamie ile taa. Mdogo wangu akakaa sakafuni nyuma ya kiti, na kila ilipowaka akaita, "Yaya, tayari!" (kwetu Kivu yaya ni ndugu mkubwa, wala si mlezi wa watoto), nami nikabonyeza. Mtu aweza kuuliza kama hiyo bado ni kujipiga mwenyewe. Nasema ndiyo, aliyeamua nuru itoke wapi ni mimi.

Na hapo ndipo lilipo jambo kubwa katika kazi hii. Yuko mpiga picha mmoja wa Afrika ambaye napenda mumjue, Samuel Fosso. Alizaliwa Kamerun mwaka 1962, akalelewa Nigeria kwa ndugu za mama yake, na utoto wake ulipita katika vita vya Biafra. Baada ya vita akachukuliwa kwenda Bangui, na mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 13 tu, akafungua studio yake mwenyewe. Mchana aliwapiga picha wateja. Jioni, filamu ikiwa imebaki vipande viwili vitatu, hakutaka vipotee. Akajipiga mwenyewe kwa taa za studio, na nyingine akampelekea nyanya yake Nigeria, ajue kwamba mjukuu wake yu mzima. Leo picha hizo zimewekwa katika nyumba kubwa za sanaa duniani. Walakini mwaka 2014, wakati wa vita vya Bangui, nyumba yake iliporwa, na picha na filamu zake zikatupwa nje. Waandishi wa habari waliopita wakaziokoa nyingi. Nimesoma habari hizo mara nyingi. Tangu hapo kila picha yangu naiweka mahali pawili.

Sisemi kwamba flashi ya juu ya kamera ni mbaya siku zote. Jean Depara alizunguka usiku katika mabaa ya Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, katika miaka ya 1950 na 1960, akiwapiga wanamuziki na wacheza dansi kwa flashi, na furaha iliyomo katika picha zile haina mfano. Kwa dansi inafaa, maana mtu anacheka, anageuka, shati linang'aa. Kwa mtu aliyesimamishwa mbele ya ukuta na kuambiwa asitabasamu, haifai.

Wale wenye fedha wanaweza kununua flashi za siku hizi, kama za Godox au Yongnuo, zinazowashwa kwa redio: kifaa kidogo hukaa juu ya kamera, na flashi hukaa po pote chumbani, tena nguvu yake inapunguzwa kwa kitufe. Kwa kamera zenye flashi yake ndogo inayoinuka, ziko flashi zinazowaka zenyewe zikiiona hiyo ndogo ikiwaka. Hapo huhitaji giza kamili, lakini sharti ujue kanuni moja, na kanuni hiyo ikieleweka mengine yote ni mepesi. Picha ya namna hiyo ni picha mbili katika moja: picha ya flashi na picha ya nuru iliyopo. Flashi huwaka na kuzimika upesi mno, kwa hiyo shata akae wazi muda mrefu au mfupi, uso hautabadilika. Uso hubadilishwa na tundu la lenzi, nguvu ya flashi na umbali wake. Nuru iliyopo, yaani mbingu au dirisha, haina haraka, nayo huongezeka kadiri shata anavyokaa wazi. Basi ukisimama kando ya Ziwa Nakivale jioni, weka tundu kwa ajili ya uso wako, kisha ukitaka mbingu iwe nyeusi zaidi punguza muda wa shata, ukitaka ing'ae ongeza. Usizidishe mwendo wa shata kupita sehemu moja ya 200 ya sekunde katika kamera nyingi, kwa sababu juu ya hapo shata hafunguki wote kwa mara moja, bali hupita kama ufa, na nusu ya picha itatoka nyeusi. Tena fanya upesi: kwetu ile saa ya mbingu ya buluu haizidi dakika 20.

Na asiye na flashi kabisa? Akae kando ya mlango uliofunguliwa, saa nne asubuhi, mlango ukiwa kaskazini mashariki yake kama shuka langu, jua lisiingie lenyewe bali nuru yake tu. Mlango ni taa pana isiyotumia betri. Nasikitika kwamba wengi wetu husimama nje juani wakikunja macho, hali taa nzuri wameiacha nyuma yao.

Nilipiga picha 23. Ya 19 ndiyo niliyoichagua. Niliipeleka Mbarara kusafishwa, na hapa nawatahadharisha: mwambie mwenye mashine mapema kwamba asiupaushe uso. Wengi wamezoea kuongeza weupe bila ya kuulizwa, wakidhani wanakufurahisha, na kazi yote ya shuka na gunia hupotea kwa kubonyeza mara moja. Nilisimama karibu naye mpaka karatasi ikatoka.

Mama alikuwa anachambua maharage, yale yale ya stendi. Alifuta mikono, akaipokea picha, akaisogeza mlangoni. Hakusema neno kwa kitambo. Kisha akaweka kidole kwenye taya, akakipitisha hadi chini ya sikio, akawaita wadogo zangu waje watazame, maana yule mdogo kabisa hakumjua Baba. Jioni akaniuliza kama flashi ya yule mzee ingali kwangu. Nikamwambia nitairudisha Jumatatu. Akasema basi Jumamosi na yeye apigwe, na kile kitufe atakibonyeza mwenyewe.